Mstari wa Mjomba

Jumapili, 5 Mei

Padri ametangaza leo: Komunyo ya Kwanza ni tarehe 23 Juni. Watoto wa kijiji chetu mwaka huu ni sita. Hata sijashuka ngazi za kanisa, kina mama walikwisha kunizunguka. "Mwalimu, usimsahau wangu." "Mwalimu, wa kwangu umwandikie fupi, ana kifua."

Huu ni mwaka wa kumi na tisa naandika hotuba za shukrani ambazo watoto huzisoma kwenye karamu zao. Mtoto asiposema neno siku hiyo, hata nguruwe awe mkubwa kiasi gani, watu huondoka wakisema karamu ilikuwa bubu. Akisema vizuri, wanaambiana, "Huyo ni wa Mwalimu Editha." Siwezi kudanganya kwamba sipendi kuyasikia hayo.

Kahawa iliyo juu ya barabara imeanza kuiva. Nimechuma madebe mawili.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Nimeanika mara tatu, nimeanua mara tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Somo la kwanza, barazani kwangu, baada ya misa ya Kupaa Bwana. Nimewapa kanuni zangu za kila mwaka: simama wima, pumua kwanza, halafu mtaje mtu. Usishukuru hewani. Mtu akisikia jina lake, hata kama alikuwa anasinzia, ataamka.

Nikaanza na Frumensius, mtoto wa mwenye duka. "Haya, mtaje mtu unayetaka kumshukuru."

"Namshukuru nguruwe wetu."

"Nguruwe?"

"Yeye ndiye anayekufa, Mwalimu. Wengine wote wanakuja kula tu."

Wenzake walicheka mpaka wakalala sakafuni. Nami nilicheka, nikageukia ukutani wasinione.

Yovita Jemadu ndiye hakucheka. Ana miaka kumi. Mama yake, Emerensia, alifariki mwaka juzi, na baba yake, Mateus, ameshaoa tena. Aliinua mkono akasema, "Mimi nitaanza na Mjomba Donatus."

Nikamwambia hapo amepatia. Hapa kwetu Manggarai watu wa upande wa mama ndio wa kwanza kutajwa, kabla ya baba, kabla ya Padri, kabla hata ya babu aliyejenga nyumba. Wao ndio waliotoa binti, na bila binti nyumba hiyo ingekuwa banda la kuni. Mtoto anayewaruka ni kama amewafungia mlango, nao hawagongi mara ya pili.

"Utamwambia nini?" nikamuuliza.

Alisimama, akapumua kama nilivyomfundisha. "Mjomba Donatus, wewe una uso wa mama yangu. Nikikuona wewe, namkumbuka yeye."

Niliandika alivyosema. Sikurekebisha hata neno, na mimi ni mtu ambaye hurekebisha hata matangazo ya Padri.

Jumatatu, 13 Mei

Ukungu kutwa nzima. Kahawa haikauki, imeanza kunuka kama soksi.

Jumatano, 15 Mei

Mateus amekuja alasiri, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ni mtu mpole, na upole wake humfanya mtu aone haya kumkatalia.

"Mwalimu, nasikia Donatus yumo kwenye hotuba ya mtoto."

"Yumo. Ndiyo desturi."

"Desturi naijua. Lakini wewe ulikuwepo kwenye mazishi. Ulisikia alivyosema mbele ya jeneza. Kwamba nilimchelewesha mke wangu hospitali. Kwamba nilikuwa nangoja kahawa ikauke kwanza."

Nilikuwepo. Nilisikia. Nikamwuliza kama amemwalika.

"Nimempelekea barua."

"Barua, Mateus? Shemeji yako? Hukwenda mwenyewe na jogoo na chupa ya pombe ya tuak?"

Akazungusha kofia. "Hatakuja. Na ukimtaja mtu asiyekuja, watu wote watageuka kutazama mkeka mtupu. Unataka mtoto aongee na mkeka?"

Nilimwambia nitaangalia. Alipoondoka nikachukua kalamu nyekundu na kuufuta mstari wa Mjomba, kwa alama moja iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Ni kwa ajili ya amani. Mtoto asiingizwe kwenye ugomvi wa wakubwa.

Jumatatu, 20 Mei

Nimewagawia karatasi safi. Yovita amesoma yake, amegeuza nyuma, amerudi mbele.

"Mwalimu, mstari wa Mjomba uko wapi?"

"Hotuba ilikuwa ndefu, mwanangu."

"Ya Frumens ni ndefu kuliko yangu. Na nguruwe yumo."

Watoto wakacheka tena. Nikasema kwa ile sauti ya darasani, "Mjomba hatakuja siku hiyo. Utamwambia mwenyewe ukienda kwao likizo."

"Baba ndiye amesema?"

"Mimi ndiye ninayeandika."

Hakubisha. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni. Watoto wanaobisha hunichosha, lakini leo ningependa angebisha.

Ijumaa, 24 Mei

Jua zuri. Kahawa imekauka upande mmoja. Yovita ameisoma hotuba yote bila kukwama, na haina ladha. Anasoma kama mtu anayehesabu mifuko.

Jumapili, 26 Mei

Hii nitaiandika, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya kutabaruku kanisa letu, nilipewa nafasi ya kuhutubia. Nilijiandaa mwezi mzima. Donatus alikuwa amekaa mbele na wazee wa kwao. Yeye ni msemaji wa ukoo wao, akifungua mdomo hata mbwa hutulia. Nilipomaliza, akamwambia jirani yake, bila kunong'ona, "Mwalimu huyu anaongea karatasi." Safu nzima ilicheka. Emerensia, dada yake, alikuwa amekaa nao, na yeye peke yake aliinamisha kichwa.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mateus alipokuja na kofia yake, nilijifanya nafikiri. Sikufikiri. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi kabla hajavuka mfereji. Nilifuta nikiwa na furaha kidogo, kama mtu anayekuna mahali panapowasha. Baada ya hapo ndipo nilipolitafuta neno amani.

Jumatatu, 3 Juni

Lusia amekuja kunisaidia kuchuma. Huyu ndiye mke mpya wa Mateus, ametoka pwani ya kaskazini, na wanawake wa hapa bado wanamwita "yule wa baharini" ingawa ana mwaka wa pili kijijini. Nami nimemwita hivyo mara kadhaa. Anachuma haraka, haachi tunda bivu nyuma.

Tulipofika mwisho wa mstari wa miti akaniuliza, macho yakiwa kwenye kikapu, "Mama Mwalimu, samahani. Watu wa mama yake Yovita wamo kwenye hotuba?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mimi mgeni hapa. Mtoto akikosea, hawatasema Mateus amekosea. Watasema mama wa kambo hakumfundisha."

Ningeweza kumwambia pale pale. Hapakuwa na mtu mwingine, ila kahawa.

"Kila kitu kiko sawa, Mama Lusia," nikamwambia.

Akashukuru. Akanibebea na kikapu changu mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Juni

Mvua ambayo haikualikwa na mtu. Nusu ya kahawa yangu imeota ukungu.

Jumatatu, 17 Juni

Mazoezi ya mwisho na kipaza sauti cha duka. Frumens amekipulizia mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Yovita amesoma vizuri. Mistari saba: Babu, Bibi, Baba, Mama Lusia, Padri, majirani, na wa mwisho "Mwalimu Editha, aliyenifundisha kusema." Huo sikuufuta.

Jumamosi, 22 Juni

Mahema yamesimama kila upande. Nguruwe wa Frumens amelia asubuhi, na Frumens amelia naye.

Saa kumi jioni kijana wa pikipiki aliyepeleka mchele bonde la pili amepita akapaza sauti: Donatus anakuja kesho. Anakuja na watu kumi na wawili na mama yake mzazi. Wameshaazima gari.

Kutoka kwangu mpaka kwa Mateus ni hatua mia mbili. Nilitoka nikafika mferejini. Nikajiuliza ni mwalimu gani anayembadilishia mtoto hotuba siku ya mwisho, atababaika bure. Nikarudi. Nimepiga pasi blauzi yangu ya bluu ya kebaya, na nimeipiga mara mbili.

Jumatatu, 24 Juni

Jana sikuweza kuandika. Nitajaribu leo.

Misa ilikwenda vizuri. Watoto wote sita wamevaa meupe. Tulipofika kwa Mateus, hema lilikuwa limejaa. Donatus na watu wake walifika tukiwa tunakaa. Nilimwona amezeeka. Nywele zote nyeupe, na ameshikwa mkono na mama yake, au yeye ndiye aliyemshika. Mateus alisimama akampokea kwa chupa na jogoo kama inavyopasa, na Donatus akagusa chupa kwa vidole viwili, maana yake amepokea. Watu wakashusha pumzi. Miaka miwili hawajakaa mkeka mmoja. Aliketi mahali pa heshima, na kwenye mapaja yake akaweka songke iliyokunjwa, nguo nyeusi ya kufumwa yenye maua ya manjano na mekundu.

Jirani yangu akaninong'oneza, "Unaiona ile nguo? Emerensia ndiye aliyeianza, ya Komunyo ya mwanawe. Ilikutwa kwenye kitanda cha kufumia. Bibi ndiye ameimalizia, na macho yake yale."

Bado ningeweza. Yovita alikuwa hatua tano kutoka nilipokaa. Alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani anatafuta moyo, nikamtolea tabasamu na kumwonyesha kwa mkono: pumua. Sasa najua alikuwa anauliza. Alikuwa anauliza, "Niseme?" na mimi nikamjibu pumua.

Akasoma. Babu. Bibi, yaani mama yake Mateus. Baba. Kila jina lililotajwa, niliona watu wakimtazama Donatus, wakidhani lake limewekwa mwisho kwa namna fulani mpya. Mama Lusia. Padri. Majirani. Halafu, "Mwalimu Editha, aliyenifundisha kusema. Asanteni."

Watu wachache walipiga makofi wakaacha. Mtoto mchanga alilia nyuma. Bibi yule mzee, mama yake Emerensia, alimuuliza mwanawe kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Tayari ametutaja?"

Donatus akampapasa mkono.

Babu yake Yovita, kwa kujaribu kuokoa jahazi, akasema, "Mjukuu wangu, kuna watu umewaruka. Hukufundishwa?" Na aliposema hukufundishwa, macho ya hema zima yakamwendea Lusia, aliyesimama na sinia la wali. Lusia hakujitetea. Alinitazama mara moja tu, akateremsha macho kwenye wali.

Yovita alikuwa bado na kipaza sauti. Alipumua. Akasema, "Nilisahau."

Neno moja, na spika kubwa zikalipeleka mpaka barabarani.

Mtoto yule ana kichwa ambacho hakisahau hata siku za kuzaliwa za mbwa. Alisema amesahau ili nisitajwe mimi, na baba yake asitajwe. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu na kebaya yangu iliyopigwa pasi mara mbili, nikanyamaza. Mateus naye alinyamaza. Tulinyamaza wote wawili, watu wazima, nyuma ya mgongo wa mtoto wa miaka kumi.

Donatus akasimama. Nilingoja maneno makali, nadhani hata niliyatamani. Alisema tu, "Tumesikia." Akaichukua songke, akamwinua mama yake, na watu kumi na wawili wakasimama nyuma yao. Hawakula hata punje. Hapa kwetu hilo ndilo tusi lenyewe, hakuna la kuongeza. Yovita aliifuata nguo ile kwa macho mpaka gari lilipopinda.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekoboa kahawa kutwa. Wanawake mashineni wanasema, "Yule wa baharini kamharibu mtoto." Nilisema, "Acheni maneno." Wakadhani namwonea huruma mgeni. Wakanisifu.

Jumanne, 2 Julai

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, tunawaambia watoto. Hakuna methali ya mtu aliyejikwaa kwa ulimi wa mtoto wa mwenzie.

Jumamosi, 6 Julai

Likizo imeanza. Kila likizo Yovita huenda kwa bibi yake bonde la pili. Leo limekuja jibu: asiende. Bibi hayuko tayari kumpokea mtoto asiyewajua.

Nimepita mbele ya nyumba yao. Amekaa kwenye kizingiti, begi limefungwa pembeni yake. Lusia ananiambia limefungwa tangu Jumatano na mtoto hataki lifunguliwe.

"Mwalimu," Lusia akasema. Hakuniita Mama Mwalimu kama siku zote. "Ulinidanganya kwenye kahawa."

"Ndiyo."

"Mume wangu aliniambia yote siku ile ile, akilia. Nikamwambia sitaki machozi, nataka aende. Haendi. Basi mimi nimebeba. Nimezoea, mtu wa pwani habari yake ni lawama. Lakini huyu," akamwonyesha mtoto kwa kidevu, "anaamini mama yake amekufa mara ya pili."

Huyu ndiye mwanamke niliyemwona wa kuja tu.

Jumapili, 7 Julai

Sikupokea Komunyo leo. Padri alinitazama. Niliinama kama ninayetafuta kitu sakafuni.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemwendea Mateus shambani. Nikamwambia twende kwa Donatus, mimi niseme nililolifanya, yeye ashike jogoo kama desturi inavyotaka.

"Aliniita muuaji, Mwalimu."

"Alikuwa anazika dada yake."

"Na mimi nilikuwa nazika nani?"

Hapo ana haki. Kisha akasema polepole, akichambua tunda la kahawa mpaka likabaki mbegu, "Ni kweli nilingoja siku mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasema kahawa ikauke kwanza. Nilidhani ni homa tu."

Kwa hiyo si chuki iliyomzuia kulisikia jina la Donatus. Ni hofu. Nilidhani mimi tu ndiye niliyekuwa na kitu cha kuficha chini ya lile neno amani.

"Twende," nikasema tena. Alirudi kuchuma.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia Yovita. Nilimweka barazani, mahali pale pale pa somo, nikamwambia kwamba mstari niliufuta mimi, na kwamba haikuwa kwa sababu ya urefu.

"Najua," akasema.

"Nilimchukia Mjomba wako. Alinicheka zamani, akasema naongea karatasi."

Hilo hakulijua. Alifikiri. "Alikucheka sana?"

"Sana."

"Kuliko sisi tulivyomcheka Frumens?"

"Karibu sawa."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama ninavyowatazama wao wakishindwa kuzidisha mbili kwa tatu.

Jumatano, 17 Julai

Nitakwenda Jumapili. Nimeandika hotuba yangu mara nne. Leo nilimsomea Yovita, maana hakuna mwingine wa kumsomea.

"'Wazee wetu, kulitokea kosa katika maandalizi...'"

Akainua mkono. "Kosa lilitokea lenyewe?"

"Ni namna ya kusema."

"Ulitufundisha tumtaje mtu, Mwalimu. Mtu yuko wapi?"

Nikafuta. Nikaanza tena. Akanisimamisha mara tatu: natazama chini, nakimbia, sipumui. Mara ya nne akaninyang'anya karatasi, akaikunja mara nne kama ile ya kwake, akaitia mfukoni mwake.

"Utasema bila hii," akasema. "Hii ndiyo anayoicheka."

Jumatatu, 22 Julai

Tuliondoka jana baada ya misa, kwa miguu: mimi, Lusia, na Yovita na begi lake. Lusia alimbeba jogoo mweupe kifuani. Nilimwambia kwamba mwanamke akishika jogoo wa ukoo, bonde zima litacheka. "Wacheke," akasema. "Wakicheka angalau wamefungua mlango."

Tulipofika darajani tulisikia hatua nyuma yetu. Mateus. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amebeba chupa ya tuak. Alimchukua jogoo mikononi mwa mkewe, akatangulia.

Donatus alituacha tukae mkekani kitambo kirefu. Mama yake alikuwa pembeni ya mlango, ameipa nyumba mgongo. Mateus akaweka chupa, akamshika jogoo kwa mikono miwili, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikaona ni zamu yangu.

"Mimi ni Editha Nggadus," nikasema, kama vile hawanijui. "Mtoto hakusahau. Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye hotuba yake, na mstari huo aliutunga mwenyewe. Mimi niliufuta. Baba yake aliniomba, lakini hata asingeniomba ningetafuta sababu nyingine. Siku ya kutabaruku kanisa ulisema naongea karatasi, watu wakacheka. Nimelibeba hilo miaka kumi na miwili, nikamtwisha mtoto. Aliposema amesahau, nilikuwepo nikanyamaza. Na Mama Lusia aliniuliza mapema, nikamdanganya. Hana kosa."

Donatus alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Siku ya kutabaruku kanisa," akasema. "Nilikuwepo?"

"Ulikaa mbele."

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo."

Akatafuta kichwani, nikamwona anatafuta kweli. "Sikumbuki, Mwalimu."

Miaka kumi na miwili. Nililitunza neno lile vizuri kuliko nilivyotunza kahawa yangu, na mwenyewe hakujua kwamba aliliacha kwangu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mateus ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, jogoo akiwa bado mikononi. "Shemeji. Nilingoja siku mbili. Ulisema kweli."

Donatus akashusha macho. "Nilisema kweli mahali pabaya," akajibu. "Mbele ya mtoto wake." Akanyoosha mikono, akampokea jogoo kutoka kwa Mateus, akamweka gotini. Kisha akanigeukia. "Jogoo huyu nampokea kwa ajili ya mtoto na baba yake. Wewe Mwalimu, bado. Wewe utakuja tena."

"Nitakuja," nikasema.

"Na wewe," akamwambia Yovita, "ulikuwa na neno?"

Yovita alisimama. Sikumwonyesha chochote kwa mkono. Alipumua, nikasikia.

"Mjomba Donatus, wewe una uso wa mama yangu. Nikikuona wewe, namkumbuka yeye."

Donatus, msemaji wa ukoo, mtu anayetuliza mbwa, alifungua mdomo akaufunga. Alivuta ncha ya shuka lake akajifunika uso. Ni bibi aliyegeuka kutoka mlangoni na kusema kwa ile sauti yake kubwa, "Sasa ametutaja." Akaingia ndani, akatoka na songke.

Alimfunga nayo Yovita kiunoni. Akamshika kidole, akakipitisha juu ya nguo. "Mpaka hapa mama yako. Kuanzia hapa mimi. Mistari yangu imepinda, usiangalie." Mtoto alikaa na kidole pale pale ilipokutana mikono miwili, hakukiondoa hata wali ulipoletwa.

Sahani yangu ilikuja ya mwisho, baada ya watoto. Nilikula yote.

Yovita amebaki kwa bibi yake mpaka shule ifunguliwe. Alitusindikiza mpaka mteremkoni, nguo ikiburuta chini, begi ameshalifungua. Mateus na Lusia wakatangulia. Akanivuta mkono.

"Mwalimu, ulisahau kupumua."

"Nilisahau," nikasema. Safari hii lilikuwa neno la kweli.

"Lakini mtu ulimtaja," akasema, akarudi mbio kwao.